Betri ya pili kwenye gari: kila kifaa na waya wake, au kebo moja na boksi la fyuzi?

Ukishafunga betri ya pili kwenye gari, kazi ya betri imeisha na kazi ya waya ndiyo inaanza. Friji, taa za buti, chaji za simu, pampu ya maji, amplifaya ya matangazo: vyote vinataka moto kutoka betri moja, na mafundi wa Tanga, kuanzia wa barabara za namba kule Ngamiani hadi wanaofungia magari njia ya Pongwe, kila mmoja ana namna yake ya kuufikisha. Ukizichambua, namna zote zinarudi kwenye tatu.

Ya kwanza, kila kifaa kinapewa waya wake unaotoka moja kwa moja kwenye teminali ya betri, na fyuzi inafungwa kwenye waya huohuo, ndani ya kikasha chake kidogo. Ya pili, kebo moja nene inatoka kwenye betri ikiwa na fyuzi kubwa mwanzoni, inakwenda hadi vifaa vilipo, na huko inaingia kwenye boksi dogo la fyuzi ambalo kila kifaa kina tundu lake. Ya tatu ni kudandia: fundi anatafuta waya wowote wenye moto ulio karibu, wa redio au wa laita ya sigara, anauchuna, anauzungushia wa kwako, anafunga tepu nyeusi, anakwambia tayari.

Nianze na jibu, kisha sababu zifuate. Una kifaa kimoja au viwili na vipo karibu na betri? Chukua ya kwanza, usijisumbue. Una vitatu na kuendelea, au vipo nyuma ya gari wakati betri ipo mbele? Chukua ya pili hata kama fundi atakuambia ni gharama ya bure. Ya tatu ninaikubali kwa kamera ya dashibodi na vitu vya namna hiyo, na hata hapo kwa masharti.

Fyuzi inalinda waya

Hili likieleweka, nusu ya ubishi wa gereji unakwisha. Friji nzuri ina ulinzi wake ndani. Fyuzi unayofunga wewe kazi yake ni kuhakikisha waya haupitishi umeme mwingi kuliko unavyoweza kuubeba, kwa sababu ukizidiwa unapata joto, ganda linayeyuka, na chini yake kuna kapeti, sponji na plastiki. Betri ya asidi ya 100Ah ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampia elfu moja kwa kishindo kimoja. Waya wa milimita moja na nusu za mraba (mm²) mbele ya nguvu hiyo hauna dakika.

Kwa hiyo fyuzi inachaguliwa kwa unene wa waya kwanza, halafu ndipo unaangalia kifaa kinakula kiasi gani. Niliwahi kusikia mazungumzo haya kwenye gereji moja Chumbageni:

“Fundi, hii ya kumi inaungua kila siku. Niwekee ya thelathini tu yaishe.”

“Bosi wangu, nikikuwekea thelathini fyuzi haitaungua tena, kweli. Ila waya huu ni mwembamba. Hebu kwanza tuufuate unapita wapi.”

Akanyanyua kapeti la buti, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye reli ya kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa kikisogezwa, reli inaukanyaga. Ganda limechubuka urefu wa ukucha, kopa inang'aa kabisa. Kila abiria aliyevuta kiti nyuma aliunguza fyuzi bila kujua.

Fyuzi yenyewe huwa inaacha ushahidi, ukiwa na macho ya kuitazama. Iliyokatwa na shoti kali inakuwa imerusha madini ndani, kioo au plastiki imepiga weusi au rangi ya fedha. Iliyozidiwa polepole inakatika katikati kistaarabu, pengine utepe wake umelegea tu kabla ya kuachia. Ya kwanza inakuambia tafuta waya uliochubuka. Ya pili inakuambia vifaa ni vingi kuliko waya.

Mahali pa kuiweka napo hakuna mjadala: karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 20 hivi. Tangi la maji lililo juu ya paa linakufundisha hili vizuri. Koki ikiwa jikoni na bomba likapasuka ukutani, unaweza kuifunga mpaka ikatike na maji yataendelea kumwagika. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Nimeona magari ambayo fyuzi imefungwa nyuma kabisa, pembeni ya friji, “ili iwe rahisi kuifikia”, na mita tano za waya zimepita kwenye injini na chini ya milango bila chochote cha kuzilinda.

Njia ya kwanza: kila kifaa na waya wake

Faida yake ni urahisi. Vikasha vya fyuzi za kwenye waya vinapatikana kila duka la spea, ufungaji wake ni wa nusu saa, na kifaa kimoja kikiharibika hakigusi kingine. Kwa mtu mwenye taa ya buti na chaji ya simu, betri ikiwa hapohapo nyuma ya kiti, kuongeza boksi na kebo nene ni kujipamba.

Matatizo yanaanza vifaa vinapoongezeka, na huwa vinaongezeka. Mwaka huu friji, mwakani pampu ya maji ya kunawia, baadaye taa ya kambi. Kila kimoja kinaongeza lagi moja, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, juu ya teminali ya betri. Zikifika tano au sita, boliti haizibani sawasawa. Ya juu kabisa inacheza, inatoa cheche ndogo, inapata joto. Na kwenye mji wetu huu, ambapo upepo wa bahari unafika hadi vibarazani, pale kwenye mrundikano wa lagi ndipo unga wa kijani unapoanzia. Anayeegesha gari Raskazone au anayepakia samaki Deep Sea na Sahare anaujua unga huo.

Halafu kuna kutafuta hitilafu. Usiku, njiani, taa imezima, na chini ya boneti kuna nyaya sita nyekundu zenye vikasha sita vyeusi vinavyofanana, kimoja kimejificha nyuma ya tangi la maji ya wipa. Utavifungua vyote.

Lakini kinachoniudhi zaidi kwenye njia hii ni kushuka kwa volti. Mtu akiwa na nyaya nyingi za kununua, ananunua nyembamba. Kopa ina ukinzani mdogo, lakini upo, na kwa betri ya volti 12 kila sehemu ya volti ina thamani. Hesabu ya jedwali hili ni ya mzigo wa ampia 5, ambao ndio ulaji wa friji ndogo ya kompresa ikiwa inafanya kazi, na umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, yaani kutoka kwenye boneti hadi buti kwa kufuata kona zote za gari:

| Waya (mm²) | Fyuzi isizidi | Volti zinazopotea njiani |
|---|---|---|
| 1.5 | 10A | 0.58 |
| 2.5 | 15A | 0.35 |
| 4 | 25A | 0.22 |
| 6 | 40A | 0.15 |
| 10 | 60A | 0.09 |

Safu ya fyuzi nimeibana makusudi. Waya uliofunikwa na kapeti na kufungwa pamoja na wenzake, Februari ya Tanga, hauwezi kupewa alama zilezile za waya unaopigwa na upepo.

Sasa chukua betri iliyobaki nusu, inayosoma 12.2 ikiwa imetulia. Friji inawaka kupitia waya wa 1.5, inapoteza karibu 0.6 njiani, na volti yenyewe ya betri inashuka kidogo kwa mzigo. Friji inaona 11.5 au pungufu. Friji nyingi za gari zina kinga ya kutomaliza betri, na ikiwa imewekwa kiwango cha kati au cha juu, inazima. Mwenye gari anaamka kambini kule Amani, bia ya moto, samaki wameanza kulegea, anapima betri anakuta 12.2. “Betri mpya hii imeniibia.” Betri haina kosa. Anakwenda kununua kubwa zaidi, na waya uleule unamsubiri.

Njia ya pili: kebo moja nene na boksi nyuma

Hapa unalipa mara moja. Kebo ya 10 mm² kutoka kwenye betri, fyuzi ya 50A ya kufungwa kwa boliti mwanzoni kabisa, inapita upande mmoja wa gari chini ya vizingiti vya milango ndani ya paipu ya plastiki yenye mikunjo, inatokea buti na kuingia kwenye boksi. Maboksi mengi ya matundu sita yameandikwa 100A kwa jumla na 30A kwa kila tundu, na mazuri yana reli ya hasi, yaani kipande cha kufungia nyaya za kurudi, palepale pembeni, hivyo kila kifaa kinaleta nyaya zake mbili na kumalizana hapo.

Kutoka kwenye boksi hadi kwenye friji ni nusu mita. Kutoka kwenye boksi hadi taa za mlango wa nyuma ni mita moja na nusu. Nyaya hizo fupi zinaweza kuwa nyembamba bila kosa, mradi kila moja ina fyuzi ya saizi yake kwenye boksi: nyekundu ya 10 kwa taa, buluu ya 15 kwa friji yenye waya wa 2.5, ya kahawia ya 7.5 kwa chaji za simu. Rangi hizo ni zilezile dunia nzima kwa fyuzi za bapa: ya 20 njano, ya 25 nyeupe inayoonekana ndani, ya 30 kijani. Ukikuta kijani kwenye waya mwembamba, ujue kuna mtu alichoka kutafuta hitilafu.

Vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja na kufikia ampia 20, kebo hiyo ya 10 inapoteza volti 0.35 tu. Ukitumia ya 6 unapoteza 0.58. Ndiyo maana, ukiwa na pesa ya kuongeza sehemu moja tu, iongeze kwenye kebo. Taa za bei mbaya na boksi lenye viashiria vinavyowaka vinaweza kusubiri.

Ubaya wake? Fyuzi kubwa ikikatika, kila kitu kinazima pamoja. Hilo ni la kweli, ila halitokei mara nyingi, kwa sababu fyuzi ndogo za kwenye boksi ndizo zinazotangulia kukatika. Kazi ya kupitisha kebo nayo ni ya siku nzima, kung'oa vizingiti, kutoboa ukuta wa injini au kutafuta tundu lililopo. Tundu lolote la bati lazima livishwe mpira. Fundi akikuambia “tutalizungushia tepu”, msubirishe mpaka mpira upatikane. Bati linakata ganda la waya polepole kwa mtikisiko, na barabara zetu za vumbi kuelekea vijijini hazina huruma.

Njia ya tatu: kudandia

Sina mengi. Waya wa redio ulipimwa kwa redio. Fyuzi yake ilichaguliwa kiwandani kwa mzigo wa redio. Ukiongeza friji hapo, fyuzi itakatika, na baada ya hapo mtu ataweka kubwa zaidi, na tumerudi kwenye yale mazungumzo ya Chumbageni. Zaidi ya hayo, nyaya hizo zote zinatoka kwenye betri ya kuwashia gari. Ulifunga betri ya pili ya nini sasa?

Kwa kamera ya dashibodi au chaji moja ya simu, vipo vichomekeo vidogo vinavyoingia kwenye boksi la fyuzi la gari na kubeba fyuzi mbili, ya zamani na ya kwako. Hivyo ni safi, havikati waya. Chini ya ampia 5, sawa. Na tundu la laita ya sigara lisibebe friji kwa safari ndefu: plagi yake inashikwa na springi tu, mtikisiko unailegeza, sehemu ya kugusana inapata joto. Plagi za aina ya Anderson za 50A zinabana kwelikweli, na ukizoea hutarudi nyuma.

Ethi: bodi ya gari au waya wa kurudi?

Watu wanabishania waya wa moto siku nzima, wanasahau kwamba umeme unarudi kwa njia ya hasi kwa kiasi kilekile. Kufunga ethi, yaani njia hiyo ya hasi, kwenye bodi kunaokoa mita tano za waya na kwa gari jipya kavu kunafanya kazi vizuri. Kwa gari lililokuja limetumika, likapakwa rangi upya bandarini au likapigwa mpira chini, halafu likakaa miaka sita ukanda wa pwani, mimi nachagua waya wa kurudi. Unene uleule wa kebo ya moto, kutoka kwenye reli ya hasi ya boksi hadi hasi ya betri ya pili. Hapo kutu ya bodi haikuhusu.

Ukiamua bodi, basi usifunge skrubu ya bati juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma cheupe kionekane ukubwa wa sarafu, tumia boliti na nati yenye washa ya meno, ibane lagi sawasawa, kisha paka grisi juu baada ya kukaza. Na betri ya pili yenyewe iwe na kebo nene ya hasi inayokwenda kwenye chasisi au kwenye hasi ya betri ya kwanza, kwa sababu chaji kutoka kwa alteneta lazima irudi. Wenye amplifaya wana sababu nyingine ya kuchagua waya wa kurudi: ethi mbaya inaleta mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata injini, na hakuna kubadilisha spika kutakakouondoa.

Fyuzi ya kioo, ya bapa, ya boliti, au breka?

Za kioo ziacheni zife. Kikasha chake kina springi, springi inalegea, unyevu wa bahari unaingia, na mara nyingi utakuta kikasha kimeyeyuka lakini fyuzi nzima, maana joto lilitoka kwenye mgusano mbovu. Fyuzi haioni joto la mgusano mbovu kama ampia hazijazidi.

Za bapa ni nzuri mpaka 30A. Kikasha chake kiwe na kifuniko cha mpira kinachobana, hasa kikiwa ndani ya boneti. Kuanzia 40A kwenda juu nenda kwenye za kufungwa kwa boliti. Kuna sababu isiyoandikwa kwenye pakiti nyingi: fyuzi ya bapa ina ukomo wa shoti inayoweza kuikata salama, kwa kawaida 1,000A. Betri kubwa yenye hasira inaweza kuupita ukomo huo, na za boliti zimetengenezwa kwa shoti kubwa zaidi. Mwenye benki ya betri za lithiamu aende mbali zaidi, atafute fyuzi za daraja T, zinazokata hadi 20,000A, kwa sababu lithiamu ikipigwa shoti inatoa umeme mwingi mno.

Breka ndogo za kubonyeza, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi, zinavutia: ikikata unairudisha, na inatumika kama swichi kuu. Breka bora inafaa. Lakini nyingi zinazouzwa kwa bei ya chapati zinakata mapema zikipata joto la injini, au hazikati kabisa, na huwezi kujua ipi ni ipi kwa kuitazama. Kwa fyuzi kuu mimi nabaki na ya boliti, na mbili za akiba nazifunga kwa tepu ndani ya kifuniko cha boksi, pamoja na spana yake. Breka iwe ndani ya gari, penye ubaridi, kwa kifaa kinachozimwa na kuwashwa mara kwa mara.

Waya nao una feki zake. Upo wa aluminiamu uliopakwa kopa, mwepesi, mzuri wa sura, unaouzwa kwa jina la kebo ya sauti. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani, si kopa. Unabeba umeme kidogo kuliko kopa ya unene uleule, na kwenye chumvi unaoza haraka. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu pia usiingie kwenye gari. Ukutani unakaa kimya miaka mingi. Kwenye gari mtikisiko unaukata ndani ya ganda na wewe huoni kitu.

Swichi tupu au rilei?

Chini ya ampia 10, swichi nzuri inatosha. Taa za mbele za nyongeza za wati 120 tayari zinakula ampia 10 zenyewe, na hapo rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, inapata kazi. Rilei ya kawaida ya pini nne: 30 inapokea moto kutoka betri ya pili kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni koili, sumaku ya umeme inayoivuta swichi hiyo. Koili inakula chini ya robo ampia, kwa hiyo waya wa swichi unaopanda hadi dashibodi unaweza kuwa mwembamba kabisa. Na ukipenda taa zizime zenyewe ukizima gari, koili ipate moto wake kutoka kwenye waya wa swichi ya ufunguo, huku taa zikiendelea kula betri ya pili.

Friji usiipitishe kwenye rilei ya ufunguo. Shida ya friji ni usiku, gari likiwa limezimwa.

Betri ikae mbele au nyuma?

Ikikaa nyuma, vifaa vyako vinakuwa karibu na nyaya fupi, na kebo ndefu inabaki moja tu, ya chaji. Napenda mpango huo kwa gari la safari. Lakini betri ya maji isiingie kwenye chumba cha abiria hata kwa dawa, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni. Nyuma ikae AGM (betri ya asidi iliyofungwa, isiyomwagika) au lithiamu, ifungwe kwa mkanda wa chuma. Mbele, joto la injini linafupisha umri wa betri yoyote, na ya lithiamu ndiyo nisiyoiweka hapo kabisa.

Kebo ya chaji inayounganisha betri mbili inahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho. Hili linasahauliwa hata na mafundi hodari. Ina chanzo cha umeme pande zote mbili. Ikichubuka katikati, betri ya mbele itaipiga shoti kutoka huku na ya nyuma kutoka kule. Fyuzi moja inazima upande mmoja tu.

Na cha kuziunganisha betri hizo ni kipi? Kati ya rilei ya kuhisi volti na chaja ya kupandisha volti, kwa betri ya asidi au AGM na alteneta ya kawaida rilei inatosha: inaunganisha betri kwenye 13.3 hivi gari likiwaka, inaachia volti zikishuka kwenye 12.8. Kwa lithiamu haitoshi. Lithiamu ikiwa imetulia inasoma zaidi ya 13, hivyo rilei inaweza isiachie ipasavyo, na ikiwa tupu inavuta ampia nyingi hadi alteneta ichemke. Hapo nunua chaja ya 20A au 30A, na fyuzi zake zifuate kijitabu chake.

Kwa gari lako

Mwenye gari la familia anayekwenda Lushoto sikukuu, taa moja na chaji moja: njia ya kwanza, waya wa 2.5, fyuzi za 10 zenye vifuniko, basi. Asishawishiwe zaidi.

Anayepeleka wageni Saadani, Pangani na Amani, friji, pampu, taa za kambi: njia ya pili bila kujiuliza, kebo ya 10 mm² ya kwenda na ya kurudi, 50A mwanzoni, na boksi la matundu sita hata kama leo anatumia matatu. Akiwa na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa 230V kama wa nyumbani, isipite kwenye boksi. Ya wati 1,000 inavuta karibu ampia 100 kwa volti 12. Inahitaji kebo yake ya 25 mm² isiyozidi mita moja na fyuzi yake ya 125A, moja kwa moja kwenye betri. Inveta ikae karibu na betri, na waya mrefu uwe ule wa 230V unaotoka kwake.

Na gari la matangazo, lile linalozunguka mitaani na spika juu ya paa toka asubuhi, lina hesabu tofauti kidogo. Kifaa ni kimoja, amplifaya, lakini mzigo wake unaruka: kimya ampia mbili, mtangazaji akipandisha sauti kwa “njooni nyote” inafika 20. Hapa njia ya kwanza inafaa, mradi waya uwe wa 6 mm² na fyuzi ya 30A, ethi irudi kwenye betri yenyewe, na maikrofoni isiyo na waya isidandie kwenye amplifaya. Ipewe waya wake mdogo na fyuzi ya 5A, ile ya rangi ya kaki, kwa sababu ikizima katikati ya tangazo, mwenye tangazo hatakulipa.